Ukuta Kati Yangu na Mama Mkwe

Kwa miaka yote niliyokuwa mkwe wake, sikuwahi kuutazama uso wa mama mzazi wa mke wangu kwa utulivu. Nilimfahamu kwa sauti, kwa kikohozi chake cha asubuhi, na kwa nyayo alizoziacha katika vumbi la uani kila alipoondoka kunipisha. Watu wa ukoo wao, kule Mwamapalala, ni Wakatoliki tangu enzi za babu zao, wakulima wa pamba na mahindi wenye ng'ombe wachache, na Ukatoliki wao haukuifuta heshima ya ukwe. Mume na mama mzazi wa mkewe hawapeani mikono, hawali katika chombo kimoja wala kukaa chumba kimoja. Wakikaribiana njiani, anayewahi kumwona mwenzake huiacha njia. Nilipokuwa ninaposa, baba yangu alinieleza jambo hilo kwa ufupi: "Usije ukadhani kwamba unamkimbia. Unampa nafasi."

Tunaishi Bariadi, katika nyumba za wafanyakazi zilizo ndani ya uzio wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi ni ofisa wa usalama kazini. Mke wangu anafundisha sekondari. Mama mkwe alikuwa na presha, na kila mwezi alipokuja mjini kliniki alikaa kwetu siku chache. Kabla ya kuingia uani nilikohoa, naye akahamia baraza ya nyuma, jikoni. Kati ya baraza hiyo na sebule yetu kulikuwa na ukuta wenye dirisha dogo la wavu, na chini ya dirisha hilo, upande wangu, niliweka kiti. Upande wake palikuwa na kigoda. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, kwa miaka mingi, mke wangu akiwa mjumbe wa jina tu.

"Mwambie mume wako," ilikuwa ikisema sauti ya upande wa pili, "nimesikia shamba la baba yake kule Sola limeota majani kuliko pamba."

"Mwambie mama majani yale ni chakula cha ng'ombe."

"Muulize ng'ombe gani. Mtu ana pikipiki."

"Mwambie mama pikipiki haili majani, ndiyo maana yamezidi."

Kicheko chake kilianza chini sana, kama mtu anayejizuia kanisani, kisha kikamshinda. Mke wangu hakujisumbua kurudia hata neno moja. "Mmesikiana," alisema, mwiko mkononi. "Mimi nasonga ugali."

Sijui kama niliwahi kuzungumza na mtu mwingine kwa uhuru kama ule. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa chuo kikuu, na mambo mengi ambayo mwanamume angependa kumwambia mama yake niliyapitisha kwenye wavu wa dirisha lile. Ukuta haukututenga. Ulitupa ruhusa. Alipoondoka kurudi kwake aliacha jikoni mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika juani yeye mwenyewe, na maagizo kwa binti yake: "Hivi ni vya mkwe. Wewe nunua vyako."

Mashine ya kushtua moyo ililetwa kiwandani kwa sababu wanunuzi wa pamba wa nje walitaka kuona vifaa vya usalama. Ilitundikwa katika ukuta wa ofisi, ndani ya kisanduku cha kioo, nami nikapelekwa Mwanza kufundishwa kuitumia. Niliporudi niliwakusanya wafanyakazi na kuwafundisha, kwa kutumia gunia tulilolijaza pamba na kulivika shati. Walicheka mpaka kazi ikasimama. "Ofisa," aliuliza mmoja wa wapakiaji wa marobota, "yaani hii ni betri ya kumwashia mtu kama trekta?" Niliwaeleza kwamba mashine ile haimfufui mtu. Inasikiliza kwanza. Wakati mwingine moyo hauachi kufanya kazi kwa kutulia. Unatetemeka ovyo na kushindwa kusukuma damu. Mashine ikiutambua mtetemeko huo huurushia umeme mara moja, moyo ukatulia kidogo na kupata nafasi ya kuanza upya mapigo yake. Isipoutambua haitoi umeme, hata uililie. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mikono: kandamiza kifua, usisubiri kitu.

Jioni ile niliyasimulia hayo dirishani.

"Mwambie mume wako," alisema, "hiyo mashine akiniwekea mimi itaungua. Moyo wangu una kiburi."

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa kuchambua, mashine za kiwanda zinanguruma na nyuzi za pamba zinaelea hewani na kutua juu ya kila kitu. Nilirudi nyumbani kula chakula cha mchana. Nilikohoa, nikasikia kigoda kikisogezwa, nikakaa kwenye kiti changu. Upande wa pili alikuwa anakata viazi. Kisu kilikuwa kikigonga ubao kwa mwendo usiobadilika. Tulikuwa tunabishana kuhusu binti yetu wa kwanza, kama apelekwe shule ya bweni. Mimi nilitaka, yeye hakutaka.

"Mwambie mama bweni kuna walimu wa sayansi."

"Mwambie mume wako," alisema, kisha akanyamaza.

Nilingoja. Ilikuwa kawaida yake kuninyima jibu kwa makusudi, ili neno likija liniume zaidi. Nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu. Ndipo nilipogundua kwamba kisu nacho kimenyamaza, na papo hapo nikasikia kitu kizito kikianguka, na mke wangu akipiga kelele kumwita mama yake: "Mayu! Mayu!"

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, mlango ambao sikuwahi kuupita yeye akiwa upande ule. Alikuwa amelala ubavu kati ya viazi vilivyotawanyika. Nilimgeuza chali, na hapo ndipo nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza bila yeyote kati yetu kugeuka. Ulikuwa uso wa mke wangu uliotangulia mbele kwa miaka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuona. Kila baada ya muda alikoroma mara moja, kwa mbali. Tulifundishwa kwamba mkoromo ule unawadanganya watu wengi, wakadhani mgonjwa anapumua. Hakuwa anapumua.

Nilipiga magoti, nikaweka viganja katikati ya kifua chake, nikaanza kukandamiza. "Kimbia ofisini," nilimwambia mke wangu. "Lete mashine. Waambie waandae gari."

Alirudi akiwa na mlinzi wa getini, mzee wa Itilima aliyezifahamu desturi zetu kuliko mimi. Yeye ndiye aliyeibeba mashine. Alipofika kwenye kona ya nyumba na kuniona, alisimama kana kwamba ameushika ukuta wa moto.

"Ofisa. Huyo si mkweo?"

"Ndiye."

"Basi muachie mwanawe."

Nilimwonyesha mke wangu mkasi uliomo ndani ya mfuko wa mashine, nikamwambia akate blauzi. Aliushika. Mkasi ulimponyoka, akauokota, ukaanguka tena. Mashine ilikuwa imeshawashwa na ilikuwa inatoa maagizo kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwanamke mtulivu ambaye hakuna jambo lingeweza kumtia haraka. Nilimwambia mke wangu achukue nafasi yangu na akandamize kama nilivyokuwa nikifanya. Hilo aliliweza. Mkasi nikauchukua mimi.

Mlinzi alitua mashine miguuni pangu. Kisha akavuta kanga iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba, akaitandaza kwa mikono yote miwili iwe pazia kati yetu na majirani waliokuwa wameanza kusogea, naye mwenyewe akageuza uso wake ukutani. Alisimama hivyo mpaka mwisho.

Nilikata blauzi. Nilisogeza pembeni rozari aliyoivaa shingoni. Nilimpangusa jasho kwa upindo wa kitenge chake mwenyewe, kwa kuwa vibandiko havishiki kwenye ngozi yenye maji. Kibandiko cha kwanza hukaa chini ya mfupa wa mtulinga, upande wa kulia. Cha pili hukaa ubavuni kushoto, chini ya kwapa, na ili kukifikisha mahali pake ilinipasa kuliinua titi la mama mkwe wangu kwa mkono wangu. Ninaliandika hili kama lilivyotokea. Titi lile lilimnyonyesha mke wangu. Mashine ilisema nisimguse mgonjwa, inasikiliza, tukainua mikono. Ikasema tusogee mbali, itarusha umeme.

"Toka!" nilimwambia mke wangu. "Usimguse mama!"

Nilibonyeza kitufe. Mwili wake uliruka, si sana, kama mtu anayeshtuliwa usingizini. Nikaanza tena kukandamiza. Sikumbuki muda, nakumbuka viazi chini ya magoti yangu, na mlinzi akisali kwa Kisukuma akiuelekea ukuta. Halafu kifua kikasukuma viganja vyangu kwa nguvu yake chenyewe. Alivuta pumzi, akaivuta nyingine. Macho yalizunguka, yakatulia, yakaniona.

Hakuuliza yuko wapi wala hakumwita binti yake. Alinitazama, na mkono wake wa kulia ukaanza kutambaa juu ya mwili wake, dhaifu kama wa mtoto mchanga, ukitafuta nguo. Niligeuka upesi. Lakini alikuwa ameshaniona, na nilikuwa nimeshaona.

Gari la kiwanda lilimpeleka hospitali hapa mjini, na baadaye akahamishiwa Mwanza. Daktari wa kule alituita mimi na mke wangu, akatueleza kwamba mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba, na kwamba bila mikono na mashine ile asingefika hata getini. Akanipa mkono. Kisha akatoa sharti: mama asirudi kijijini. Akae mjini karibu na hospitali, ahudhurie kliniki bila kukosa, kwa sababu moyo uliosimama mara moja unaweza kusimama tena. Tulifurahi. Tulipaka rangi chumba cha watoto na kununua kitanda kisicho kirefu.

Alipotoka wodini, aliomba apelekwe Mwamapalala.

Mke wangu alibembeleza, akalia, akagomba. Alirudi kutoka huko peke yake, akaketi kwenye kiti changu chini ya dirisha. "Anasema anashukuru," aliniambia.

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine. Anasema anashukuru."

Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Nilikaa nje, nyuma ya nyumba yake, mahali nilipozoea kukaa nikienda ukweni, na nikazungumza kupitia dirishani kama zamani. Niliuliza habari za dawa. Nilisema majani ya Sola yamefika kiunoni. Nilijua yuko ndani, maana nilisikia kikohozi chake. Hakunijibu neno. Kabla ya hapo tulikuwa na ukuta na sauti. Sasa ulibaki ukuta mtupu.

Nitasema ukweli kwamba nilimkasirikia. Niliendesha pikipiki kurudi Bariadi nikigombana naye kichwani: ulitaka nikuache ufe kwa heshima? Hasira hiyo haikudumu kwa sababu kila ilipopanda niliuona mkono ule ukitambaa kutafuta nguo. Mtu anaweza kushukuru kwa kupewa uhai na bado akashindwa kuishi karibu na aliyempa. Shule zote nilizosoma hazikuwa zimenifundisha hilo, wala sidhani kama lilikuwa jukumu lao.

Mdogo wa kiume wa mama mkwe, mjomba wa mke wangu, ndiye aliyekuja kunifumbua macho. Alikuwa mtu wa utani, na alianza kabla hajaketi, kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, mkwe."

"Mwadila, mjomba. Habari za Mwamapalala?"

"Mhola duhu, salama tu. Ila nimesikia huku Bariadi wakwe wanavuliwa nguo kwa mkasi."

"Mjomba, alikuwa amekufa."

"Nani amekataa? Alikufa, ukampa umeme, akaamka. Hata padri amelisema madhabahuni." Alipokea chai, akaipuliza. "Umemponya moyo. Aibu yake umemwachia nani?"

Alinieleza utaratibu wa ukoo wao. Mkwe akiuona mwili wa mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kuokoa, humpelekea nguo mpya ya kumfunika na mbuzi jike. Akiipokea, kilichoonekana kinahesabiwa hakikuonekana. Baada ya hapo angeweza kuja tena kwangu na kukaa kwenye kigoda chake.

"Ndiyo hilo tu?" niliuliza.

"Ndiyo hilo tu. Mbona umelisema kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi?"

Kesho yake nilikwenda sokoni nikachagua kitenge cha bluu chenye maua madogo meupe, kwa kuwa mke wangu alisema mama yake hapendi rangi za kelele. Na hapo tulikosea, mimi na mke wangu kwa pamoja, tena kwa haraka ya wema. Katika miaka yote ile kila kitu kati yangu na mama kilipitia kwa mke wangu: maneno, dawa, sukari, michembe. Basi alipokwenda kumsalimu nilimpa kitenge akipeleke, mbuzi angefuata. Alirudi nacho kimekunjwa vilevile.

"Hakukigusa," alisema. "Amesema nguo ya namna hii mtoto hambebei mama yake. Amesema, je, mtoto naye aione aibu ya mama?"

Mjomba alipopata habari alijipiga paja. Nguo ilitakiwa ipitie kwa kaka yao mkubwa, mkuu wa ukoo, si kwa mtu aliyezaliwa na mama yule. Na kwa kuwa sasa ilikuwa imepelekwa vibaya na kurudi, hakuna mwingine angeweza kuipeleka kwa niaba yake. Kaka huyo aliishi Kimali, kule Meatu, na kiangazi hicho alikuwa amehama na ng'ombe zake kutafuta majani. Simu yake ilipatikana pale tu alipokwea mahali penye mtandao. Alipopatikana alicheka, akatusamehe, akasema atakuja mvua za kwanza zikianguka. Mama naye aliposikia hayo alituma ujumbe, wa kwanza tangu siku ile: "Mwambie mume wako nitakuja kaka akishafika."

Mke wangu alinirudishia maneno yale jikoni akiwa analia na kucheka. Nilitoka nje nikakipangusa kigoda.

Mvua zilichelewa. Kitenge kilikaa juu ya kabati letu, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mara moja moja niliwaza kuichukua mashine kutoka ofisini na kuipeleka Mwamapalala. Lakini ilikuwa mali ya kiwanda, yenye watu wake wa kuwalinda, na kule kijijini ingemhitaji mtu wa kuishika. Mtu huyo angekuwa nani? Binti wa jirani aliyekuwa akimtekea maji?

Mama alianguka asubuhi moja, akiwa anaanika michembe juu ya jiwe pana lililo nyuma ya nyumba yake. Binti wa jirani alimkuta ameshapoa. Hapakuwa na mtu wa kumkandamiza kifua, na mashine iliyoutambua moyo wake mara ya kwanza ilikuwa imetundikwa ukutani Bariadi, taa yake ndogo ya kijani ikimulika kuonyesha kwamba iko tayari kwa kazi.

Kaka mkubwa alifika kutoka Kimali siku ya msiba, mrefu, vumbi hadi magotini, na alipomaliza kulia aliniita pembeni.

"Umekuja nacho?"

Nilimpa kitenge. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa uzio. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama. "Mimi nimechelewa," alisema. "Wewe hukuchelewa. Ngoja nikampe." Aliingia ndani, ambako wanawake walikuwa wanamwandaa, akatoka mikono mitupu. "Amekipokea," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kweli. "Nenda mahali pako ukamsemeshe."

Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakaa chini ya dirisha. Juu ya jiwe vipande vya viazi vilikuwa bado vimepangwa, vimeanza kujikunja kwa jua. Kupitia dirishani nilisikia kitambaa kipya kikikunjuliwa.

"Mke wangu," niliita kwa sauti ya chini.

"Nipo."

"Mwambie mama," nilisema, na ikanibidi nianze upya. "Mwambie mama shamba la Sola nimelipalilia. Lote."

Mke wangu, ambaye katika miaka ile yote hakuwahi kujisumbua kuturudishia maneno yetu, aliyarudia polepole, bila kuacha hata moja. Nikakaa pale, kama nilivyozoea, nikisubiri jibu.